Kumlisha Mgonjwa wa Saratani: Muulize Ulimi Wake

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwaka jana mama yangu mdogo, ninayeishi naye hapa Bugolobi, alianza matibabu ya saratani. Alipozidi kukonda alishauriwa atumie unga wa lishe. Nikanunua kopo la vanila, nikawa namkorogea asubuhi na jioni. Baada ya wiki nikagundua anaumwaga kwenye mgomba nyuma ya nyumba. Nikamkemea: "Mama, hutaki kupona?" Akanijibu taratibu, "Mwanangu, wewe unasikia vanila. Mimi nasikia sukari na kutu."

Niliona haya, nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, mgonjwa hadeki. Dawa za kemotherapi hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za ladha ulimini hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 10 hivi, kwa hiyo nazo hudhurika. Baadhi ya dawa, kama cisplatin, huacha ladha ya chuma mdomoni. Mionzi ya kichwa na shingo hukausha mate, na chakula kikavu hakitoi ladha yake.

Pili, wagonjwa hawafanani. Mmoja huchefuliwa na utamu, mwingine nyama humwia chungu, wa tatu hasikii ladha yoyote. Na kinachopendwa leo huenda kikakataliwa baada ya dozi ijayo. Basi usinunue makopo mengi kabla ya kumwonjesha.

Tatu, yako mambo ya kujaribu:

1. Mpe kinywaji kikiwa baridi, ndani ya kikombe chenye kifuniko na mrija. Harufu hupungua.
2. Akisikia ladha ya chuma, tumia kijiko cha plastiki au cha mbao.
3. Asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kula.
4. Utamu ukimzidi, tafuta unga usio na ladha, au uchanganye kwenye uji wa ulezi. Tangawizi na ndimu husaidia, ila si kwa mwenye vidonda mdomoni.
5. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Maziwa yachemshwe, kwani kinga yake iko chini.

Mwenye kisukari au maradhi ya figo aulize kwanza mtaalamu wa lishe. Vidonge na mitishamba visitumiwe bila daktari kujua. Akishindwa kumeza, mrudisheni hospitali.

Dini yetu haikulisahau jambo hili. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliisifu talbina, uji mwepesi wa shayiri, kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa. Na katika Tirmidhi imepokewa katazo la kuwalazimisha wagonjwa kula. Kutomlazimisha si kumwacha na njaa. Ni kuendelea kumtafutia kinachopita kooni.

Mama mdogo sasa anakunywa unga uleule niliomkemea kwao, ndani ya uji wa ulezi uliopoa, wenye tangawizi, nusu kikombe mara tano kwa siku. Kilo alizopoteza hazijarudi, lakini hazipungui tena, alhamdulillah. Mgomba ndio umekosa mgao wake.

Ukienda kumzuru mgonjwa wiki hii, kabla hujafungua kopo, muulize: leo mdomo wako unataka nini?

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe sisi subira ya kuwasikiliza. Amin.