RAMANI YA NAHODHA NA RAMANI YA INJINI: MAELEZO YA KUCHORA UPYA RAMANI YA GARI LA DIZELI

IKISIRI

Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta ya gari la dizeli inavyoweza kuandikiwa upya maagizo yake ili injini ipate nguvu zaidi na kupunguza matumizi ya mafuta. Hoja kuu ni kwamba neno ramani, likirejeshwa katika maana yake ya kale ya ubaharia, linatosha kulieleza jambo hili na kuzidhihirisha hatari zake. Ramani njema huandikiwa chombo maalumu na bahari maalumu. Anayeichora upya bila kuvijua viwili hivyo humtia hasarani mwenye chombo.

1.0 UTANGULIZI

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa pwani haihusu jahazi peke yake. Pikapu inayopanda mlima ikiwa imesheheni magunia ya viazi nayo imeundwa, na katika gari la kisasa sehemu kubwa ya muundo huo haionekani kwa macho wala haishikiki kwa spana. Imo katika maandishi yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta ndogo inayoitawala injini.

Maandishi hayo yanaweza kubadilishwa. Kazi ya kuyabadilisha imekuwa biashara katika nchi nyingi, na Nairobi nako wapo mafundi wanaoifanya. Mwenye gari huahidiwa mambo mawili yanayoonekana kupingana: kwamba gari litakuwa na nguvu zaidi, na kwamba litakunywa mafuta kidogo. Aghalabu ahadi hizo huelezwa kwa msamiati wa Kiingereza ambao mteja hana njia ya kuuhoji. Hulipa, huondoka, na hajui alichouziwa. Kwa sababu hiyo, kulieleza jambo hili kwa Kiswahili si zoezi la istilahi tu. Ni kumkabidhi mwenye gari uwezo wa kuuliza.

2.0 MAANA YA RAMANI

Kwa msemaji wa leo, ramani ni mchoro wa nchi, mji au nyumba. Hata hivyo, neno hili huhusishwa na neno la Kiajemi rahnama, yaani kielekezi cha njia. Mabaharia wa Bahari ya Hindi, akiwemo Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, walivitegemea vitabu vya maelekezo ya safari. Kitabu cha namna hiyo hakikuwa picha ya bahari. Kilikuwa mkusanyiko wa maagizo: ukiwa mahali fulani, katika msimu wa upepo fulani, na nyota fulani ikiwa kimo fulani juu ya upeo, basi elekeza chombo upande fulani.

Maana hii ya kale ndiyo inayoafiki injini. Ramani ya injini ni jedwali la maagizo. Katika safu zake kumeorodheshwa kasi ya mzunguko wa injini, tuseme mizunguko 1,000, 1,500 au 2,000 kwa dakika. Katika mistari yake kumeorodheshwa kadiri dereva alivyokanyaga mafuta. Pale safu na mstari vinapokutana pana tarakimu moja: kiasi cha dizeli kitakachonyunyizwa. Kompyuta hupokea habari kutoka kwa vihisi vya joto, hewa na kasi, ikatafuta mahali pake katika jedwali, ikatii.

Jedwali haliko moja. Lipo la kiasi cha mafuta, la wakati wa kuyanyunyiza, la shinikizo la hewa, na yapo majedwali ya mipaka, ambayo kazi yake ni kuikataza injini isipite kiwango fulani hata dereva akikanyaga mpaka chini. Kuchora upya ramani, basi, ni kuzibadilisha tarakimu hizo.

3.0 JINSI DIZELI INAVYOTUMIKA

Injini ya dizeli ilipata jina lake kutokana na Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na ambaye injini yake ilijaribiwa kwa ufanisi mjini Augsburg mwaka 1897. Tofauti na injini ya petroli, hii haihitaji cheche ya plagi ili kuwasha mafuta. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ujazo wake ukapungua mara 16 hadi 18 hivi. Kwa kubanwa huko hewa hupata joto kali, na dizeli inaponyunyiziwa humo huwaka yenyewe.

Katika injini ya petroli nguvu hudhibitiwa kwa kupunguza au kuongeza hewa inayoingia. Katika dizeli, kinachoamua hasa ni kiasi cha mafuta kinachonyunyizwa. Zamani kiasi hicho kilipimwa na pampu, na fundi aliweza kukirekebisha kwa bisibisi. Mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ilikuwa gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo wa bomba moja linalohifadhi mafuta kwa shinikizo kubwa na kuzilisha nozeli zote. Katika mifumo ya sasa shinikizo hilo hupita mara 2,000 ya lile la hewa ya kawaida ufuoni, na nozeli hufunguka mara kadhaa katika mpigo mmoja kwa amri ya kompyuta. Bisibisi ikawa imenyang'anywa kazi na tarakimu.

Kabla ya kuendelea, dhana mbili zitenganishwe. Kani ya kuzungusha ni ule msukumo unaousokota mhimili wa injini. Hupimwa kwa Newtoni-mita. Nguvu ni kani hiyo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Mafundi huitaja kwa idadi ya nguvu za farasi. Lori linalong'oka na mzigo mlimani huhitaji kani katika mzunguko wa chini. Gari linalokimbia tambarare huhitaji nguvu. Fundi anayetangaza moja na kunyamazia nyingine hajasema yote.

4.0 FAIDA YA KUCHORA UPYA

Fundi huunganisha kifaa chake kwenye tundu la uchunguzi lililo chini ya dashibodi, au huifungua kompyuta yenyewe. Huyasoma maandishi yaliyomo, huyahifadhi, huzibadilisha tarakimu, kisha huyaandika upya. Umeme wa betri ukitetereka wakati wa kuandika, kompyuta inaweza kuharibika.

Je, ni kwa nini mtengenezaji hakuitoa nguvu hiyo tangu mwanzo? Kwa sababu aliandika ramani moja kwa ajili ya watu wengi. Alijua kwamba gari moja litaendeshwa jangwani na lingine penye theluji. Kwamba wako watakaochelewa kubadilisha mafuta ya injini. Kwamba kuna mafuta mabovu na kuna sheria za moshi. Akaacha akiba. Katika injini yenye tabo, kile kifaa kinachoendeshwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa ndani ya silinda, mafundi hutaja ongezeko la asilimia 20 hadi 30. Katika injini isiyo na tabo faida huwa haba, maana hewa ya kuchomea mafuta ya ziada haipo.

Kuhusu uchache wa mafuta, ukweli unahitaji uangalifu. Nguvu za ziada hutokana na mafuta ya ziada, hakuna muujiza. Akiba hupatikana kwa njia nyingine. Kani ikiongezeka katika mzunguko wa chini, dereva anaweza kupanda gia mapema, na injini inayozunguka taratibu hupoteza nishati chache kwa msuguano. Akiba hiyo, ikiwepo, ni ya asilimia chache, na iko mguuni mwa dereva. Anayeonja nguvu mpya kila anapotoka kwenye foleni ataimaliza kabla ya jioni.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Njia ya kuaminika ya kupima ni kulijaza tangi pomoni, kuandika kilomita, kulijaza tena na kuandika lita, kwa majuma kadhaa kabla na baada ya kazi, katika njia ile ile na mzigo ule ule. Gari lililotumia lita 48 kwa kilomita 480, kisha likatumia 46, limeokoa asilimia 4 hivi. Kipimo cha dashibodi hakitoshi, kwa kuwa nacho hukisia kwa kuzitumia tarakimu zizo hizo zilizobadilishwa.

5.0 MIPAKA YA CHOMBO NA BAHARI

Injini ya Toyota Hilux ya lita 2.5 iitwayo 2KD-FTV ni mfano unaofunza. Injini hiyo iliuzwa ikiwa na nguvu 102 za farasi, na pia ikiwa na 144. Ukubwa wa silinda ulikuwa ule ule. Lakini ile yenye nguvu zaidi haikupewa tarakimu tofauti tu. Ilipewa kipozahewa kinachoipunguzia joto hewa iliyosukumwa, pamoja na tabo ya aina nyingine. Mtengenezaji mwenyewe alibadilisha chuma pamoja na maandishi. Fundi anayeahidi kuifikisha ile ya kwanza penye kiwango cha pili kwa maandishi peke yake anakikana chombo alichonacho mbele yake.

Chuma kina mipaka. Mafuta yakizidi hewa, hayaungui yote. Hutoka masizi meusi, na joto la moshi hupanda. Joto hilo huila tabo, na tabo ikafanya taabu. Shinikizo likizidi, pistoni hupasuka, na klachi huteleza kwa kushindwa kuibeba kani mpya.

Bahari nayo ina mipaka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapo limepungua kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa. Njia ya Nakuru kwenda Eldoret hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambako limepungua kwa zaidi ya robo. Penye hewa nyepesi tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ijaze silinda. Ramani ya asili huwa na maagizo ya kuilinda tabo huko juu. Ramani iliyoandikiwa nchi tambarare ya Ulaya, kisha ikanunuliwa kama faili na kutiwa katika gari la Eldoret, ni sawa na kitabu cha kusi mkononi mwa nahodha aliye katika kaskazi.

Tena kuna mafuta yenyewe. Kenya iliingia katika kiwango cha sehemu 50 za salfa kwa milioni mwaka 2015, ilhali Ulaya ilikwisha kufikia sehemu 10 mwaka 2009. Na mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo kwenye mafuta ya taa ili kukomesha tabia ya kuyachanganya na dizeli. Akiba aliyoiacha mtengenezaji ndiyo kinga ya mwenye gari siku anapouziwa mafuta yaliyochanganywa. Anayeiuza akiba hiyo yote anaiuza na kinga.

6.0 RAMANI YA UONGO

Tarehe 18 Septemba 2015, shirika la Marekani la kulinda mazingira liliishtumu hadharani kampuni ya Volkswagen kwa kuweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kwamba gari linapimwa. Wakati wa kupimwa, injini ilifuata maagizo ya moshi safi. Barabarani ilifuata mengine. Kampuni ilikiri kwamba magari takriban milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Hapakuwa na chuma kilichovunjika. Kulikuwa na maandishi mawili, moja la mkaguzi na moja la njia.

Jambo hili linaonyesha kwamba ramani ya injini, kama maandishi yote, inaweza kusema kweli au kudanganya. Baadhi ya mafundi huondoa chujio la masizi kwenye ekzosi, kisha huiandikia kompyuta isilalamike. Gari huwa jepesi, na mwenye gari hufurahi. Wanaolipa ni wengine: mchuuzi kando ya barabara, mwanafunzi anayesubiri matatu, askari wa trafiki. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yamedhihirisha kwamba Kiswahili hakikukwama popote katika kulieleza jambo hili. Maneno kama tabo, nozeli, pistoni na klachi yametoka midomoni mwa mafundi wenyewe; kani, nguvu na shinikizo yamo katika lugha ya sayansi; na ramani imengoja pwani kwa karne nyingi. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili wazuru karakana na kuyakusanya maneno ya mafundi kabla ya kubuni mengine mezani.

Inapendekezwa pia kwamba mwenye gari, kabla ya kutoa fedha, aulize maswali matatu kwa lugha anayoimudu. Je, ramani ya asili itahifadhiwa, ili irejeshwe mambo yakienda mrama? Ni mipaka ipi ya joto, moshi na shinikizo itakayosogezwa, na kwa kiasi gani? Na je, ramani mpya imeandikiwa gari hili, mwinuko huu na mafuta haya? Fundi mwenye kuijua kazi yake atayajibu yote matatu bila kukimbilia Kiingereza. Asiyeweza kuyajibu, heri chombo kibaki na ramani yake ya kale.