Kasuku Mchanga Akikataa Karanga

Umemnunulia karanga nzuri, umekaa mbele ya tundu na kumwita kwa jina. Kasuku anaitazama karanga, anakutazama wewe, kisha anageuka. Usimwite mkaidi. Karanga ni ujira wa kujifunza, na ujira usiotakiwa hauwezi kumfundisha mtu wala ndege.

Kwanza hakikisha si mgonjwa, kwa sababu ndege huficha maradhi mpaka yamzidi. Je, ametutumua manyoya mchana kutwa? Anasinzia ovyo? Mkia unapanda na kushuka kila anapopumua? Kinyesi kimebadilika? Ukiona hata dalili moja, acha mafunzo umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Piga simu kabla ya kutoka, uulize kama anatibu ndege na ada yake ni kiasi gani, maana si kila daktari aliyezoea ng'ombe na mbwa anawajua kasuku.

Nunua pia mizani ndogo ya jikoni inayopima kwa gramu. Katika mafunzo yenyewe, hiki ndicho kifaa pekee cha kugharimia. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Kasuku wa kijivu aliyekomaa huwa na takriban gramu 400 hadi 500. Wa gramu 400 akipungua gramu 40, amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na hilo ni la daktari.

Ana umri gani, na ametoka wapi? Kinda anayelishwa uji kwa bomba la sindano huenda hajui bado kwamba karanga ni chakula. Wengi huacha uji wakiwa na miezi mitatu hivi au minne. Mwache amalize kwanza, wala usimwachishe kwa kumshindisha njaa. Aliyekamatwa msituni naye huuogopa mkono wenyewe. Hapa nisiposema jambo hili nitakuwa nimekukosea: tangu Januari 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES umemweka kasuku wa kijivu katika daraja lake la ulinzi mkali kuliko yote, na nchini Kenya kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Usinunue ndege asiye na karatasi.

Sasa tazama kibakuli. Kikijaa mbegu kutwa, kwa nini afanye kazi kupata mbegu nyingine? Mpe milo miwili, asubuhi na jioni, na umfundishe muda mfupi kabla ya kila mlo. Usimpunguzie chakula cha siku. Badilisha saa tu. Ili kujua anachokipenda, mwekee kwenye sahani mbegu ya alizeti, njegere, punje ya komamanga, kipande cha embe na karanga isiyo na chumvi. Kama unapata chikichi, ongeza, maana kasuku wa porini huzila sana. Parachichi na chokoleti usimpe kamwe, ni sumu kwake. Rudia siku tatu. Anachokichukua kwanza kila mara kitoe kwenye kibakuli, ukihifadhi kwa somo tu, kwa vipande vidogo kama punje ya dengu.

Akikataa hata hicho, huenda ni woga. Kasuku wa kijivu hushuku kila kitu kigeni. Keti karibu na tundu ule chakula kile kile mbele yake, bila kumkazia macho. Kisha kidondoshe kwenye kibakuli na uondoke. Baada ya siku kadhaa, kishike kwa vidole.

Na asipojali chakula kabisa? Mlipe kwa kingine. Kasuku aitwaye Alex, ambaye mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani alimfundisha kuanzia 1977 hadi ndege huyo alipokufa 2007, hakuzawadiwa chakula kwa kila jibu. Akitaja kipande cha mbao au ufunguo, alipewa kitu hicho hicho akichezee. Wako huenda anapenda kukunwa kichwa na shingo (mgongo uache), kurarua boksi, au kusikia mluzi wako. Kwa mwenye woga, hata wewe kurudi nyuma hatua moja ni zawadi kubwa.

Ukishaijua zawadi, chukua kijiti kisafi. Kisogeze mbali kidogo na mdomo wake. Akikitazama, sema "Sawa!" papo hapo, kisha mlipe. Baadaye ngoja mpaka akisogelee, halafu akiguse. Somo liwe dakika tatu hadi tano, mara mbili kwa siku. Akikigusa bila kusita, tumia kijiti kumwongoza apande mkononi. Akikuuma, usipige kelele wala kumpiga. Mrejeshe taratibu kwenye gogo lake, na kesho uanzie hatua ya nyuma.