Mzee Tunayemlea Anapotupiga



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Buyenzi, Bujumbura, nikapewa zamu ya kumwogesha babu. Babu ana ule ugonjwa wa kusahau ambao madaktari huuita dimensia. Mtu aliyenifundisha alifu na bei akawa ananipiga ngumi na kunitukana matusi ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake. Siku ya tatu nilimbana mikono, mjomba akammwagia maji. Aliposhindwa kupigana, alilia. Jirani mmoja alisema ana jini, mwingine akasema ni ukaidi wa uzee.

Hali hii Qur'ani imeitaja. Surat An-Nahl aya ya 70 na Surat Al-Hajj aya ya 5 zinaeleza kwamba wako wanaorudishwa kwenye umri dhalili, hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na umri huo. Katika fiqhi, akili ni sharti la taklifu. Aliyeondokewa nayo, kalamu imeinuliwa kwake. Matusi ya babu basi hayamo katika hesabu yake. Niliyomjibu mimi yamo katika yangu, na Surat Al-Israa aya ya 23 inakataza hata kuwaguna wazazi waliozeeka mikononi mwetu.

Lakini kujua hukumu hakukunisaidia mbele ya ndoo ya maji. Nilikumbuka hadithi ya Anas (r.a.) kuhusu bedui aliyekojoa msikitini. Masahaba walimjia juu, Mtume akawazuia wasimkatize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale. Imam Nawawi ameeleza kwamba kumkatiza kungemdhuru mwenyewe na kungeeneza najisi mahali pengi zaidi. Yaani Mtume alitazama kwanza wanachotaka kukifanya Masahaba kitaleta nini. Sisi kwa babu hatukutazama. Kila tulipombana alizidi kuogopa, na kufikia mwisho wa wiki alianza kupiga kelele kwa kuiona ndoo tu.

Nikaanza kuandika daftarini: alianza saa ngapi, nani alikuwepo, kilitangulia nini. Siku nne zikatosha. Babu alikuwa hapigi tunapomnawisha uso wala miguu. Alipiga tulipomvua shuka, mlango ukiwa wazi na wajukuu wakipita uani. Majina yetu ameyasahau, uchi wake hajausahau.

Hapo niliona haya, maana muhula uliopita tulisoma kumwosha maiti: hufunikwa uchi wake, na mwoshaji hupitisha mkono uliofungwa kitambaa chini ya nguo. Sitara hiyo tunampa maiti, na babu aliye hai tulimnyima. Siku iliyofuata tulifunga mlango, nikamwacha na shuka lake, nikamwambia kila ninachotaka kufanya kabla ya kumgusa, nikaosha chini ya nguo. Alinung'unika, hakupiga.

Si kila ugomvi ni wa sitara. Mzee wa namna hii aweza kuumwa jino, kufunga choo au kubanwa na mkojo, asijue kusema. Wengine huchafukwa zaidi jua linapozama. Na akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, apelekwe hospitali haraka: maambukizi ya njia ya mkojo tu yanaweza kumvuruga mzee akili kabisa, na hayo yana dawa. Kumsomea ruqya ni kheri, lakini apimwe pia. Akiuliza mara kumi kama ameswali adhuhuri, usibishane naye.

Nimsemee na mama mdogo. Kabla ya likizo alikuwa peke yake na babu mwaka mzima, usiku na mchana. Alikuwa halali, mgongo unamuuma, na siku moja alimfokea babu kisha akajifungia jikoni akilia. Sisi wengine tulikuwa tukipiga simu na kumwambia asubiri, ana thawabu. Sasa mjomba analala kwa babu siku tatu kwa wiki, na sisi wajukuu tulio mbali tunachanga pesa ya kumlipa kijana wa kumwogesha.

Babu bado hupiga. Juzi alimpiga mama mdogo kofi alipomkata kucha za miguu. Alimwacha, akaleta taa, akakagua. Kidole gumba kilikuwa kimevimba.