BREKI ZA MJOMBA

Mwanachama mwenzangu, je, ni kitu gani hurudisha nyuma pistoni ya breki dereva aondoapo mguu? Wengi husema ni springi. Nami nilidhani hivyo, hadi likizo ya Agosti ambapo Corolla kuukuu ya mjomba ilivutia kushoto mteremkoni, nusura itutupe mtaroni pamoja na nyanya. Gurudumu la kushoto lilikuwa moto hata mate yalichemka juu yake (nilijaribu).

Tuliinua gari kwa jeki, tukatia vigogo chini yake, maana jeki si ya kuaminika. Tukafungua kalipa, tukatoa padi. "Kanyaga polepole," mjomba akasema, "na mtu asitie kidole hapa!" Presha ya mafuta ikaisukuma pistoni nje.

Ndani mna pete ya mpira. Ukikanyaga breki, pistoni husonga mbele na mpira hupinda nayo. Ukiachilia, mpira hujinyoosha na kuivuta nyuma. Ndiyo springi yenyewe! Wetu ulikuwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Pistoni iliyoliwa na kutu hadi ikawa na vishimo hairudishwi. Yetu ilikuwa na madoa tu, tukayasugua kwa msasa laini.

Nikachukua petroli nioshee. Mjomba akaninyang'anya! Petroli huvimbisha mpira huo. Tulitumia mafuta ya breki yenyewe, kuosha na kupaka mpira mpya.

Mwisho tukatoa hewa: mimi nakanyaga, yeye anafungua na kufunga nati, mpaka mapovu yakaisha. Jioni tuliteremka mlima ule ule, gari limenyooka. Nyanya alikataa kupanda, alisema atatembea.