Kila Mtu na Kilio Chake



Tuseme mzee mmoja wa kijiji amefariki, ameacha watoto watatu. Matanga yamekwisha, wageni wamerudi makwao. Mtoto wa kwanza huenda kaburini kila siku ya Mungu. Hung'oa majani, kisha husimama kimya. Binti amelikunja koti kuukuu la baba yake na kulitia sandukuni. Siku ya uchungu hulitoa na kulitazama. Mtoto wa mwisho hapendi hata kupita njia ya makaburi. Jembe na blanketi ya baba yake amempa maskini, naye amerudi shambani, wala hakuna aliyeona chozi lake.

Watu wanaanza kunong'ona. Juu ya mkubwa wanasema: «Anasema na mizimu.» Juu ya binti: «Koti lile ni dawa.» Na juu ya mdogo wanasema neno baya kupita yote: «Asiyelia ndiye mwuaji. Yeye ndiye aliyemloga baba.» Hivyo kaburi moja linataka kuzaa kaburi la pili. Basi, Kanisa latufundisha nini?

1. Mioyo ya watu si sawa

Tumtazame mfalme Daudi. Mtoto wake mchanga alipougua, Daudi alifunga, akalala chini siku saba. Mtoto alipokufa, akaondoka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana kuabudu, kisha akala chakula. Watumishi wake wakashangaa. Lakini Absalomu, mwanawe mwingine, alipouawa vitani, Daudi huyohuyo alilia kwa sauti kubwa. Mtu mmoja, vilio viwili. Ikiwa moyo wa mtu mmoja wabadilika hivi, mioyo ya watu watatu itafananaje?

Tazameni pia wajane wa Yafa. Tabita alipokufa, walimwonyesha Mtume Petro, huku wakilia, kanzu na nguo alizowashonea. Petro hakuwakaripia kwa kushika nguo za marehemu. Naye Bwana wetu Yezu Kristu alitoa machozi kwa ajili ya Lazaro, ingawa alijua kwamba atamfufua. Basi kulia si kukosa imani.

2. Jamaa ya Mtakatifu Monika

Mtakatifu Monika alikuwa mama wa Afrika ya Kaskazini. Siku nyingi alikuwa ametengeneza mahali pa kuzikwa karibu na mume wake Patrisio. Mwaka 387, akiwa safarini kurudi Afrika, alishikwa na homa mjini Ostia, karibu na Roma. Mwanawe mmoja alisikitika kwamba mama atafia ugenini. Lakini Monika alikuwa ameacha hangaiko la kaburi. Aliwaambia wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Alipokata roho, mjukuu wake Adeodato aliangua kilio. Augustino, aliyekuwa katika mwaka wa 33 wa umri wake, alimfumba mama yake macho, akayazuia machozi yake kwa nguvu. Hata penye kaburi hakulia. Baadaye tu, alipokuwa peke yake kitandani, alimlilia mama yake mbele ya Mungu, wala hakuona haya kuliandika jambo hilo katika kitabu chake cha Maungamo.

Wapenzi, kama wanong'onaji wa kijiji chetu wangalikuwapo kwenye mazishi yale, wangaliyaona macho makavu ya Augustino, wangalisema: «Huyu hakumpenda mama yake.» Na kumbe wangalisema uwongo! Mwanadamu huona uso. Mungu huona moyo.

3. Mipaka tusiyoivuka

Kuweka koti la baba kwa ukumbusho si dhambi. Kumpa maskini jembe la marehemu ni tendo la huruma. Kutunza kaburi ni heshima njema. Lakini kutumia kitu cha marehemu kama dawa au kinga, au kuwaendea waaguzi ili kuwauliza wafu habari, ni kuvunja amri ya kwanza. Kumnyang'anya mjane sufuria na shamba, kwa kisingizio cha mali ya ukoo, ni wizi: amri ya saba. Na kumshtaki mtu uchawi kwa sababu hakulia kama wengine, ni kuvunja amri ya nane. Neno hilo limewafukuza wengi makwao, hata limewaua wasio na kosa.

4. Kaburi la mkristu

Wakristu wa kwanza waliyaita makaburi mahali pa kulala, kwa maana alalaye ataamka. Mazishini padri hunyunyiza maji ya baraka juu ya maiti, ili tukumbuke ubatizo. Nanyi wakatekumeni msiogope: mkatekumeni akifa kabla ya kubatizwa, Kanisa lamhesabu pamoja na waamini wake kwa mazishi.

Tarehe 2 Novemba Kanisa zima huwaombea marehemu wote. Yuda Makabayo naye alipeleka fedha Yerusalemu, ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliokufa. Anayeweza kwenda makaburini, aende. Anayeshindwa kwa uchungu, asali nyumbani: sala haifungiwi penye kaburi.

Basi turudi kwa watoto wetu watatu. Mkubwa asimlazimishe mdogo kwenda kaburini. Mdogo asimcheke dada yake kwa sababu ya koti. Wote watatu waombe Misa kwa ajili ya baba yao, wapige magoti pamoja. Hapo ndipo vilio vitatu huwa sala moja. Na jirani asikiaye manong'ono, ayazime. Asiyapeleke nyumba ya pili.

Maulizo

1. Daudi aliomboleza namna gani mara mbili?
2. Mtakatifu Monika aliwaomba wanawe neno gani?
3. Kitu cha marehemu chaweza kuwekwa kwa nia gani? Kwa nia gani ni dhambi?
4. Utamjibu nini mtu asemaye: «Asiyelia ndiye mwuaji»?

Tendo la juma hili: Mtembelee mtu mmoja aliyefiwa. Usimwulize kwa nini analia, wala kwa nini halii. Keti naye, kisha salini Baba Yetu kwa ajili ya marehemu wake.