Mchezo wa 2048: Unatupumzisha au Unatushika?

Mwaka huu katika vikao vya chama chetu cha Kiswahili tulijadili mengi: nahau, ngeli, mashairi, na ule ubishi usiokwisha kuhusu Sheng. Zamu yangu ya kutoa somo ilipofika, nilitangaza kwamba ningezungumzia mchezo wa simu. Darasa zima likacheka. "Ati somo kuhusu gemu?" mmoja akauliza. Naam, gemu. Jambo linalotukalisha kitini saa nzima bila kusikia njaa halifai kupuuzwa. Lafaa kuchunguzwa. Baada ya kikao mlezi wetu aliniomba niliandike somo hilo kwa ajili ya jarida, na ndilo hili.

Mchezo wenyewe

Mchezo niliouchagua unaitwa 2048. Uliundwa mwezi wa Machi mwaka wa 2014 na kijana wa Kiitaliano, Gabriele Cirulli, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 19. Aliuandika kwa muda wa wikendi moja tu, kisha akauweka kwenye intaneti bure, pamoja na maandishi ya programu yenyewe ili yeyote atakaye ayasome na kuyabadilisha. Wazo halikuwa lake peke yake. Mwezi mmoja kabla ya hapo ulikuwa umetoka mchezo uitwao Threes, ambao watungaji wake waliutengeneza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Lakini ule wa wikendi moja ndio ulioenea kama moto wa nyikani.

Kanuni zake ni chache. Uwanja ni mraba wenye vyumba 16, yaani 4 kwa 4. Mwanzoni unakuta vigae viwili tu, kila kimoja kimeandikwa 2 au 4. Ukitelezesha kidole kwenda kulia, vigae vyote vinakimbilia kulia. Ukitelezesha juu, vinapanda juu. Vigae viwili vyenye namba sawa vikikutana, vinaungana kuwa kimoja: 2 na 2 vinazaa 4, 4 na 4 vinazaa 8, na kuendelea. Baada ya kila hatua, kigae kipya kinatokea katika chumba kitupu. Kwa kawaida huwa ni 2, lakini takriban mara moja katika kila kumi huwa ni 4. Lengo ni kupata kigae cha 2048. Vyumba vyote vikijaa na pasiwe na majirani wanaolingana, umeshindwa.

Waliosema haba na haba hujaza kibaba ni kama waliuona mchezo huu. Tufanye hesabu kidogo. Katika hatua kumi, kwa wastani unapata 2 mara tisa na 4 mara moja. Jumla ni 22, yaani kila hatua inaongeza 2.2 uwanjani. Ili jumla ifike 2048, unahitaji zaidi ya hatua 900. Hebu fikiria! Mtu anayelalamika kwamba kuandika insha ya maneno 400 ni kuteswa, anatelezesha kidole zaidi ya mara 900 huku akitabasamu. Kwa nini?

Sababu za kuvutia

Kwanza, hakuna haraka. Linganisha na Tetris, mchezo ambao Alexey Pajitnov aliubuni mjini Moscow katikati ya miaka ya 1980. Katika Tetris vipande vinaanguka kutoka juu, na kadiri unavyoendelea ndivyo vinavyoongeza kasi, hata jasho likakutoka. Mchezo wa 2048 hauna saa. Ukitaka, weka simu chini, geuza chapati, mfungulie mgeni mlango, kisha urudi. Vigae viko palepale vinakungoja. Kwa mwanafunzi ambaye siku yake nzima inaendeshwa na kengele, huo peke yake ni mapumziko.

Pili, mchezo huu ni wa kupanga. Unapounganisha vigae viwili, vinakuwa kimoja na chumba kimoja kinabaki kitupu. Ni kama kupanga vyombo kabatini: kikombe ndani ya kikombe, sahani juu ya sahani, na kila mara unaona nafasi ikipatikana. Moyo wa binadamu unafurahia kuona fujo ikigeuka utaratibu. Tena matokeo yanaonekana papo hapo. Ukisoma Historia usiku kucha, utajua kama umeelewa siku ya mtihani. Ukiunganisha 64 na 64, unaiona 128 sasa hivi.

Tatu, ugumu unapanda taratibu pamoja na ujuzi wako. Anayeanza hutelezesha kidole kiholela na kufika 256 kwa bahati. Siku ya pili anagundua siri: kigae kikubwa kiwekwe pembeni na kisiondoke hapo, na vingine vipangwe kwa kufuatana ukubwa kando yake. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, katika kitabu chake cha mwaka wa 1990 kiitwacho Flow, alieleza hali ambayo mtu huzama katika kazi isiyo rahisi mno wala ngumu mno kwake, mpaka akasahau nafsi yake na saa. Tunaweza kuiita mtiririko. Mchezaji wa 2048 akishaingia katika mtiririko, hata akiitwa chakula hasikii.

Nne, akili na bahati zimechanganywa kama sukari na chai. Wewe ndiwe unayechagua upande wa kusukuma vigae, lakini huchagui kigae kipya kitatokea wapi. Kwa hiyo ukishinda unasema, "Nina akili!" Ukishindwa unasema, "Kile kigae cha 2 kimeniharibia." Mchezo unakuachia sifa zote na kukupunguzia lawama. Ni mitihani mingapi inayotutendea hivyo?

Tano, kushindwa hakuna aibu. Hakuna anayekucheka, hakuna orodha inayobandikwa ukutani. Unabonyeza mara moja tu, uwanja unasafishwa na unaanza upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwa sababu hizi tano, siungani na wale wasemao kwamba mchezo huu ni upuuzi mtupu. Ndani yake mna kupanga na kutazama mbele. Hata vipeo vya namba 2, ambavyo mwalimu wa Hisabati alinifundisha kwa shida, nilivijua kwa moyo kupitia vigae hivi: 2, 4, 8, 16, 32, mpaka 2048, ambayo ni 2 kumi na moja zikizidishwa pamoja. Walimu wetu wapendwa, msinichukulie vibaya, lakini ukweli usemwe.

Jioni ya "ngoja kidogo"

Sasa nieleze upande wa pili, nao unanihusu mimi mwenyewe.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mama alikuwa bado kazini, nami niliachiwa simu na mdogo wangu aliye katika shule ya msingi. Tulishakula, vyombo vikaoshwa. Nikaketi kucheza kidogo. Jioni hiyo vigae vilinitii ajabu. Nilikuwa na 1024 pembeni, 512 kando yake, na 256 ikifuata. Sijawahi kufika karibu hivyo!

Mdogo wangu akaja na daftari. "Dada, nisaidie hizi hesabu za sehemu. Sielewi hapa chini."

"Ngoja kidogo, nimalize hii," nikamjibu bila kuinua macho.

Akaketi mezani akangoja. Baada ya muda akaniita tena, nikamwambia, "Si nimesema ngoja?" Kigae kimoja cha 4 kikatokea mahali pabaya, mpango ukavurugika, vyumba vikajaa. Nikashindwa. Nikakasirika nikaanza tena. "Mara moja tu," nikajisemea. Ile mara moja ikazaa nyingine.

Nilipoinua kichwa, nyumba ilikuwa kimya. Mdogo wangu alikuwa amelala, shavu juu ya daftari, penseli bado mkononi. Hesabu tatu za kwanza alikuwa amezifanya na kuzifuta, akazifanya tena na kuzifuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Zilizobaki hakuzigusa.

Asubuhi nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Si neno, dada. Siku nyingine nitamwuliza Mama." Afadhali angenikemea. Kwa maneno hayo machache niliona kwamba nilikuwa nimeondolewa katika orodha ya watu wanaoweza kuulizwa.

Nani alipaswa kungoja?

Tangu siku hiyo nimejiuliza swali moja: kwa nini nilimwambia angoje? Turudi kwenye sababu ya kwanza niliyoitaja. Mchezo huu hauna saa. Ukiuacha, vigae vinabaki palepale. Hata ukifunga simu, uwanja wako unahifadhiwa mpaka utakaporudi. Kwa hiyo ule usemi wetu wa "ngoja nimalize" hauna msingi wowote. Hakuna kilichokuwa kinaniharakisha. Ile 1024 yangu ingeweza kunisubiri mpaka kesho, au hata mpaka likizo ya Desemba. Asiyeweza kusubiri alikuwa mtoto mwenye usingizi na kazi ya kuwasilisha asubuhi. Ngojangoja huumiza matumbo, na mimi nilimngojesha aliye hai kwa sababu ya kitu ambacho hakijui hata maana ya kungoja.

Tena tazama mchezo unavyomalizika. Tunaambiwa kila chenye mwanzo hakikosi mwisho. Huu je? Ukishindwa, unaletewa kitufe cha kujaribu tena. Ukishinda, ukapata 2048 yenyewe uliyoitafuta siku zote, unapongezwa kisha unaletewa kitufe cha kuendelea. Kushinda na kushindwa ni milango miwili, na yote inarudisha ndani!

Mchezo mwingine maarufu, Candy Crush Saga, uliofika kwenye simu mwaka wa 2012, una njia yake. Unapewa nafasi tano za kushindwa, na zikiisha, kila moja inachukua nusu saa kurudi. Huo nao si mwisho. Ni kukutoa nje ukakae mlangoni ukihesabu dakika, au ulipe urudi haraka.

Linganisha na bao letu la kete, lenye mashimo 32 na kete 64. Nalo ni mchezo wa kufikiri na kuhesabu, na wachezaji wake nao husahau saa. Lakini bao lina mtu upande wa pili. Mwenzako huchoka, huitwa nyumbani, au husikia adhana akainuka. Akiinuka, mchezo umekwisha, mkaagana. Simu haichoki wala haiitwi na mtu. Kwa hiyo atakayeinuka ni mmoja tu, nawe unamjua.

Nifanyeje basi?

Sikuuacha mchezo, na sitakudanganya kwamba niliufuta. Nilijiwekea kanuni tatu.

Moja, kabla ya kuanza naamua mwisho wangu, tena niufungamanishe na jambo lililo nje ya simu: mpaka maji yachemke, au mpaka Mama abishe hodi. Nikisema "dakika kumi" tu, najipunja, kwa kuwa katika mtiririko dakika hazihesabiki.

Mbili, mtu akiniita, naweka simu chini ikiwa imelala kifudifudi, kisha ndipo naitika. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito. Nilikuwa najikumbusha kwamba vigae haviendi popote.

Tatu, nikishindwa nikiwa na hasira, siku hiyo sianzi tena. Anayecheza kwa hasira hapumziki, na nilikuwa nimekuja kupumzika.

Mdogo wangu alichukua wiki mbili kabla ya kuniletea daftari tena. Siku hiyo nilikuwa na 512 na hali nzuri. Niliweka simu chini. Tukagawanya chapati vipande vinne, kisha vinane, akaona kwa macho yake kwamba robo moja ni sawa na thumni mbili. "Kumbe ni rahisi hivi?" akasema, huku akila mfano wetu.

Hitimisho

Mpenzi msomaji, mchezo wa 2048 unavutia kwa sababu una subira. Haukukimbizi, haukucheki, haukuaibishi. Subira hiyo ndiyo inayotupumzisha, na ni kweli tunahitaji kupumzika. Lakini kwa kuwa mchezo una subira, basi ni wenyewe ungoje. Watu wetu hawana subira ya vigae: wadogo zetu wanakua, wazazi wanachoka, na usingizi unawachukua. Ukisikia ulimi wako unasema "ngoja kidogo," tazama kwanza unamwambia nani.

Maswali ya kujadili chamani

1. Taja sababu tatu zinazoufanya mchezo wa 2048 uvutie. Ni ipi iliyo na nguvu zaidi kwako?
2. "Kushinda na kushindwa ni milango miwili, na yote inarudisha ndani." Fafanua.
3. Linganisha mchezo wa simu na bao au ajua. Kuwapo kwa mwenzako kunabadili nini?
4. Andika insha yenye kichwa "Ngoja Kidogo" ukieleza siku ulipomngojesha mtu ambaye hakupaswa kungoja.