Kobe Wakubwa wa Changuu na Hesabu ya Amana



Wengi wenu mmepata kuvuka kwa mashua kutoka Mji Mkongwe wa Unguja hadi kisiwa cha Changuu, mkawaona kobe wake wakubwa. Watoto huwalisha majani, wageni huwapiga picha, kisha watu hurudi mjini. Wachache ndio wanaouliza: kobe hawa wametoka wapi? Kwa nini wenzao wa visiwa vingi wamekwisha, nao wangalipo? Na sisi tuna wajibu gani juu yao? Darsa yetu ya leo ni kuyajibu masuala haya matatu.

Ama asili yao ni Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilichoko mbali upande wa kaskazini-magharibi ya Bukini, chini ya nchi ya Shelisheli. Huko wapo kobe wapatao 100,000. Sisi tulioko Ntimaru, bara kabisa karibu na mpaka wa Tanzania, twamjua kobe wa porini ambaye mtoto humwinua kwa mikono miwili. Kobe dume wa Aldabra huweza kupita uzito wa kilo 200, na wanaume wanne humwinua kwa taabu. Umri wake huweza kuzidi miaka 100.

Mtu atauliza, mnyama mzito hivyo alifikaje kisiwani? Jawabu yake ilionekana katika pwani yetu wenyewe. Mwezi wa Disemba 2004, huko Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, kobe mmoja wa namna hii alitoka baharini akapanda ufukweni, amekonda, na miguuni mwake wameganda viumbe vidogo vya magamba kama vile vinavyoganda chini ya jahazi. Wataalamu walikata shauri kwamba yamkini ametoka Aldabra, mwendo wa kilomita zipatazo 740, amechukuliwa na mkondo wa maji kwa wiki nyingi. Kobe huelea, na huvumilia njaa na kiu muda mrefu.

Lakini uvumilivu huo huo ndio uliowaangamiza wenzake. Katika visiwa vya Mauritius, Réunion na Rodrigues walikuwako kobe wakubwa wa namna mbalimbali. Mabaharia wa Ulaya walipofika, walitambua kwamba kobe hukaa hai chomboni miezi bila ya kulishwa, basi wakawapakia kwa mamia wawe chakula cha safari. Hawakuwa na mbio wala khofu ya mwanadamu. Nguruwe na panya walioletwa na vyombo wakala mayai na vitoto. Kabla ya karne ya 19 kwisha, kobe wa asili wa visiwa hivyo vitatu walikuwa wametoweka wote.

Aldabra ilisalimika kwa sababu iko mbali, maji yake matamu ni haba, na mawe yake ni makali kama misumari. Hata hivyo khatari haikukosekana. Mwaka 1874 wataalamu wa Uingereza, Charles Darwin akiwa miongoni mwao, walimwandikia gavana wa Mauritius wakimwomba awalinde kobe hao. Katika miaka ya 1960 serikali ya Uingereza ilitaka kujenga huko uwanja wa ndege za vita. Wataalamu wakapinga, na mwaka 1967 shauri hilo likaachwa. Mwaka 1982 Aldabra ikaandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Sasa tutazame ya kwetu. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli aliiletea Unguja zawadi ya kobe wanne, wakawekwa Changuu. Wakastawi, hata mwaka 1955 walikuwa yapata 200. Kisha wezi wakawaingilia, wakawauza kwa wapendao kufuga vitu vya ajabu, na wengine wakaliwa. Mwaka 1988 walibaki 100. Mwaka 1996 walibaki saba tu. Vitoto 80 vilivyopelekwa Unguja vikahifadhiwe, 40 vilipotea huko huko vilikohifadhiwa! Baadaye kobe wa Changuu walijengewa boma la ulinzi, na idadi yao imepanda tena.

Ndugu msomaji, izingatie hesabu hii. Kobe huyu huchukua miaka 20 hadi 30 kabla ya kuzaa. Aibaye kitoto kimoja leo, pengo lake halizibwi ila mtoto wako awe mtu mzima. Na mwizi hataiba pasipo mnunuzi. Basi anunuaye ni mshirika wake, japo hakutia mguu Changuu. Wahenga wamesema, mali bila daftari huisha bila khabari. Kobe wetu walihesabiwa, na khabari ya kupotea kwao ilijulikana. Kilichokosekana ni mkono wa kuzuia.

Wala mtu asiseme, kobe ana faida gani? Mwaka 2000 kobe wa Aldabra walipelekwa Ile aux Aigrettes, kisiwa kidogo cha Mauritius, ambako mpingo wa huko ulikuwa haujieneza kwa kukosa mnyama wa kula matunda yake. Kobe wakala, wakatawanya mbegu, na miche ikachipua mbali na miti mama. Kumbe kisiwa kikimpoteza kobe, hupoteza na msitu wake.

Kwa kukhitimisha: Aldabra kobe alilindwa na umbali. Changuu hapana umbali. Ni safari fupi ya mashua. Kinachomlinda hapo ni uaminifu wa watu wa pwani, wala hapana kingine.

Masuala ya kujadiliana katika darsa:
1. Kwa nini wizi wa mnyama akuaye polepole una madhara makubwa kuliko wizi wa kuku?
2. Mtu akikuletea kitoto cha kobe mlangoni akuuzie, utamjibu nini, nawe utampasha nani khabari?